Kucha ya Mguu wa Kulia

Nilikwenda garini kuchukua chupa ya chai. Basi. Sikwenda kutafuta wivu, wala mashetani. Chai ya tangawizi na blanketi tu, maana jua lilikuwa linajificha nyuma ya msitu wa Ngorongoro, na baridi ya kule juu haina adabu.

Kabla sijafika garini, ngoja nijitambulishe, ujue unasimuliwa na mtu wa namna gani. Naitwa Silvanus, wa Qurus, hapa Karatu. Watalii nimewaendesha miaka ishirini na nne. Kabla ya hapo niliendesha lori mpaka Lubumbashi. Wageni wangu waliwahi kunialika Norwei, nikateleza kwenye theluji mbele ya kanisa, waumini wote wakitazama. Nina tumbo ambalo huingia mlangoni kabla yangu. Na nina kasoro mbili ambazo utazihitaji huko mbele.

Ya kwanza, nikigeuka kuwatazama wageni, kulia na kushoto hunipotea. Nasema tembo huyo kulia, wageni wanageuka wote na kamera zao, na tembo yuko upande wa pili anakula majani yake kwa raha. Nilijizoeza kusema kulia kwao badala ya kulia kwangu. Mpaka leo kichwa changu hakijaamua kinafuata kulia kwa nani.

Ya pili, sijui kucheza. Siku ya harusi yangu nilimkanyaga bibi harusi kwa kiatu kipya, kucha ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia ikang'oka na haikuota tena. Brigita alinisamehe. Kila akivua viatu ananionyesha jinsi alivyonisamehe.

Sasa filamu. Kauthar, binti wa muuza vitenge wa Karatu mjini, alikwenda ughaibuni kusomea filamu, akarudi na wazo lake la majaribio: filamu fupi, dakika kumi na nane, hakuna anayesema neno, watu wanacheza tu. Alisema inahusu kiinimacho, namna macho yanavyomdanganya mwenye macho. Nikamuuliza mwisho wake nini. Akanijibu kwamba haina mwisho, anko. Nikamwambia hata barabara ya Wasso, kule Loliondo, ina mwisho, ingawa wengi hufika wakiwa wamekata tamaa.

Alikodi gari langu, lile la watalii lenye paa linalofunguka, na akamkodi Brigita atupikie. Siku ya pili akamwona Brigita anapepeta mahindi. Akasimama. Akamwita Abdulwahabu, binamu yake, mpiga picha. Wakaamua palepale kwamba mchezaji wao ndiye yule, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye kiuno kinachojua kazi.

Mke wangu hakukataa. Jioni alifungua sanduku akatoa sketi ya ngozi yenye shanga, ya bibi yake mzaa mama, aliyokuja nayo kutoka Kansay alipoolewa. Miaka ishirini na sita nimeishi na sanduku lile. Sikuwahi kuoneshwa akiwa ameivaa. Kamera ilioneshwa kesho yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuionea wivu kamera.

Halafu kulikuwa na Tajewo. Huyo ndiye angekuwa mwenzake wa kucheza, kijana mchezaji wa kutoka Wasso. Kauthar alinionesha picha yake kwenye simu: mrefu, mabega yamekaa kama yamepimwa kwa kamba, meno meupe yasiyo na sababu. Nikasema anaonekana mgonjwa. Wakacheka wote, Brigita akacheka zaidi. Kauthar akanieleza kwamba hawatagusana, kila mmoja atapigwa picha peke yake, kisha wataunganishwa kwenye kompyuta waonekane wako pamoja. Nilimuuliza mara tatu kuhusu hilo la kutogusana.

Mahali walipochagua palikuwa kwenye chemchemi iliyo chini ya msitu, upande wa shamba la zamani la bibi yangu. Maji yale nayafahamu. Tukiwa wadogo bibi alitutuma kuteka, watoto sita, na hakuwahi kutuhesabu. Alikuwa anauliza tu, "Mpo?" na sisi tunaitikia, "Tupo." Alisema yale maji yana wenyewe, netlaangw, pepo wa majini, na wenyewe wanapenda sana watu. Ukihesabu watu pale, wanasikiliza. Yule uliyemhesabu ni wako, ondoka naye. Yule uliyemsahau, umewaachia wao.

Nilikuwa na miaka saba. Baadaye nikaenda Lubumbashi, nikaenda Norwei. Nikawa dereva wa watalii, ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa kabla ya kuwasha gari.

Basi, jioni ile narudi na chupa ya chai mkono mmoja na blanketi begani. Ukungu umeanza kushuka. Wakati naondoka, Brigita alikuwa anacheza peke yake kando ya maji, mbele ya kioo kikubwa cha kabati walichokisimamisha kwenye matope. Tajewo alikuwa bado hajafika, tulimtegemea afike na bodaboda wakati wowote.

Nikasikia shanga.

Cha... cha... cha...

Nikapita kichaka cha mwisho. Kauthar na Abdulwahabu walikuwa wamenipa mgongo, wameinamia kioo kidogo cha kamera. Kule mbele, Brigita anacheza. Na mwanamume.

Mrefu. Mgongo wake kwangu. Shuka lake limelowa mpaka kifuani, kama ametoka majini.

Mkono wake kiunoni mwa mke wangu.

Na Brigita anacheka. Kile kicheko cha kurudisha kichwa nyuma, ambacho miaka yote nilidhani ni cha kwangu.

Mtu mwenye akili angekwenda kumsalimia Tajewo na kumpa pole ya safari. Mimi niliweka chupa juu ya jiwe, nikatupa blanketi juu ya mizigo, nikarudi garini nikakaa nyuma ya usukani nimevimba kama chura. Nikapiga honi. Nikajiambia nawaharakisha kwa sababu ya tembo, ambao hushuka mashambani giza likiingia. Tembo wanisamehe kwa kuwasingizia.

Wakaja kwenye utusitusi, mmoja mmoja. Milango ikafungwa. Sikugeuka. Nilitazama kwenye kioo cha juu cha gari, nikafanya nilichokifanya kila siku kwa miaka ishirini na nne. Nikahesabu, kwa sauti.

Kauthar, mmoja. Abdulwahabu, wawili. Kiti cha nyuma kabisa, Brigita, watatu. Na yeye, bega kwa bega naye, wanne.

Wanne. Sawasawa. Kwenye kiti cha mbele, pembeni yangu, kulikuwa na kitu kimefunikwa blanketi. Nikadhani ni miguu ya kamera, imepakiwa wakati mimi nimenuna.

Tukaondoka.

Ile njia sitaisahau. Gari lilinuka ngozi iliyolowa na matope ya zamani, harufu ya mtungi uliokaa chini ya kitanda. Kila shimo, shanga zinalia. Cha... Kwenye kioo naona kichwa cha Brigita kimeegemea bega la yule. Kiti cha mbele kilikuwa chake toka tuoane. Leo amekwenda kukaa nyuma kabisa, gizani, na mwanamume ambaye hata salamu hajanipa. Nilirekebisha kioo mara tatu. Nusura nimgonge mtu wa baiskeli kwa sababu barabara nilikuwa siitazami. Nilisikia kama mtu ananisemesha kwa sauti ndogo, mara mbili au tatu. Sikujibu. Niliamua leo sisemi na mtu.

Tulipofika Karatu mjini, chini ya taa za duka la baba yake Kauthar, simu ya Kauthar ikashika mtandao. Ikaita ujumbe juu ya ujumbe. Akasoma, akaguna. Akasema Tajewo anaomba radhi, basi limezama mchangani toka saa nane mchana, hajafika hata njia ya Olduvai, watalala hukohuko.

Nikashika usukani kwa mikono miwili.

"Sasa huyu aliyekaa nyuma ni nani?"

"Nyuma wapi, anko?"

Nikageuka.

Kiti cha nyuma kabisa kilikuwa kitupu. Nikawasha taa ya ndani. Viti vimelowa.

Viti viwili.

Halafu lile blanketi pembeni yangu likasogea.

Kikatoka kichwa. Brigita, macho mekundu kwa usingizi, meno yanagongana kwa baridi. "Baba Inosenti," akasema, "nakusemesha njia nzima hunijibu. Nimekukosea nini?"

Kauthar aliniweka chini, akanielewesha kwa upole kama unavyomwelewesha mgonjwa. Hakuna mtu aliyefika pale. Brigita alicheza peke yake mbele ya kioo, na nilichokiona ni mimi mwenyewe nimesimama na blanketi begani, kioo kikanirudisha. Ndiyo filamu yenyewe, akasema, umeielewa kuliko mtu yeyote. Nikamwambia kama kuna kioo kinachonipunguza tumbo kiasi kile, aniuzie, nitakitundika sebuleni. Tulicheka. Lakini alipotazama vile viti hakuendelea kucheka, na mizigo yake alishusha haraka.

Nyumbani, Brigita aliweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Nikamwambia yote, maana mimi siri huniwasha. Alinisikiliza akitabasamu mpaka nilipofika pale pa kuhesabu.

"Ulihesabu palepale majini?"

Nikasema ni mazoea ya kazi.

"Wangapi?"

"Wanne."

Akaacha kusugua miguu. Mvuke unapanda usoni kwake.

"Na mimi nilikuwa wa ngapi?"

Nilimhesabu yule wa nyuma, aliyekuwa anacheka na mwanamume wake. Huyu aliyekaa mkono wangu unapofika, nikamwita miguu ya kamera.

Kesho yake jioni nilimkuta amesimama barabarani na ndoo. Nikamkumbusha tuna bomba uani. Akasema kweli, akarudi. Siku ya pili nilimkuta mbali zaidi, amepita kanisa. Siku ya tatu nilimfuata na gari, na aliponigeukia ilimchukua muda kukumbuka mimi ni nani. Mtani angesema ni faida hiyo, mke kusahau sura hii. Mimi mwenyewe ningelisema. Lakini usiku nilimsikia anahema karibu na sikio langu na maji yanadondoka mahali fulani ndani ya nyumba, na bomba letu liko nje.

Siku ya nne nilirudi saa kumi na moja na nusu, nikakuta jiko limezima. Sanduku liko wazi.

Sketi haipo.

Sijawahi kuendesha vile, hata siku ile kifaru alipotukimbiza. Mwanamke yule ndiye aliyenipokea na malaria, na madeni, na ujinga. Mtoto wetu Inosenti yuko chuoni, anapiga simu kila Jumapili kuongea na mama yake, mimi ananisalimia kwa adabu tu. Bila Brigita mimi ni tumbo lenye leseni ya udereva. Niliyaongea haya yote kwa sauti garini, peke yangu, nikilia kama mtoto aliyenyimwa uji.

Nikafika. Nikazima injini.

Cha... cha... cha...

Hakukuwa na kamera. Kioo hakikuwepo, walikwishakiondoa. Kulikuwa na maji, ukungu, na yule mwanamume amesimama katikati, mgongo kwangu.

Na wanawake wawili wanamzunguka.

Sketi ileile. Kilemba kilekile. Mmoja anakwenda, mwingine anarudi, hatua kwa hatua, huyu akiinua mkono na yule anainua. Brigita na Brigita. Na nakuungamia, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa hofu. Ulikuwa wivu. Walikuwa wanacheza vizuri mno. Nami sikuwahi hata siku moja kumchezesha mke wangu namna ile.

Nikakumbuka bibi. Sikuhesabu. Nikaita.

"Mama Inosenti, upo?"

Wakasimama wote wawili. Wakanigeukia.

"Nipo."

"Nipo."

Sauti ileile. Huyu na yule.

Mwanamume hakugeuka. Alikuwa anangoja, kama muuza duka anavyongoja uchague kitambaa.

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Nikatazama nyuso, hazikunisaidia. Nikatazama mikono. Ndipo akili ikaja, ikatokea kwenye ujinga wangu wa zamani: nikatazama miguu. Wote peku, kwenye matope. Mmoja ana kidole gumba kisicho na kucha mguu wa kulia. Mwingine ana kidole gumba kisicho na kucha mguu wa kushoto, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Kulia. Nilimkanyaga kulia.

Nikaingia majini na viatu, nikamshika mkono yule wa kulia. Ulikuwa wa baridi. Nikasema kwa sauti, "Mmoja." Nikamvuta. Sikutazama nyuma. Nyuma yangu mtu alilia, kilio kidogo, cha mwanamke, akaita kitu ambacho sikukisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimeamua kutosikia. Nikamkalisha kiti cha mbele, nikafunga mkanda, nikaendesha nikiwa nimemshika mkono mpaka Qurus. Gia nilibadilisha kwa shida.

Tangu hapo hajatoka tena na ndoo.

Miezi mitatu baadaye Kauthar aliionesha filamu kwenye ukumbi mjini. Tajewo alikuja, kijana mwenye heshima kumbe, akaniamkia na kunipisha kiti. Sehemu zake zilipigwa picha baadaye, humohumo ukumbini, hakuwahi kufika chemchemi. Watu walijaa. Wazee wachache walilala, vijana walipiga makofi. Brigita hakuja, alisema ana kazi za nyumbani.

Karibu na mwisho, wakaonesha miguu yake. Miguu tu, karibu kabisa, inapiga matope kando ya maji, jioni ile niliyokwenda kuchukua chai. Ikajaza ukuta mzima.

Kidole gumba kisicho na kucha. Mguu wa kushoto.

Taa zilipowashwa nilimfuata Kauthar. Nikamuuliza, nikijichekesha, mbona mke wangu amebadilisha miguu. Akacheka. Akasema picha nyingi amezigeuza, kulia kuwe kushoto, ndiyo mchezo wenyewe wa filamu, anko. Nikashusha pumzi. Nikamwomba anirudishie kipande kile kwenye kompyuta yake, nione tu.

Akanirudishia. Miguu. Matope. Na huko nyuma, kwenye kona, kati ya vichaka, gari langu.

Namba ya gari inasomeka vizuri kabisa.

Kauthar aliitazama muda mrefu. "Hiki kipande," akasema polepole, "sikukigeuza."

Kwa hiyo aliyecheza mbele ya kamera si mke wangu. Sawa. Hilo nimelikubali, nimekubali mambo mabaya zaidi ya hilo. Mke wangu alikuwa amechoka, akakaa kando kwenye mizigo, akajifunika blanketi nililolitupa, akaja garini kabla ya wenzake, na kitu kingine kikaendelea kucheza badala yake. Naye mke wangu halisi nilimrudisha siku ya nne, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kile kidole cha kulia.

Ila nilikuwa nimesimama namtazama. Uso kwa uso, kama nilivyowatazama wageni miaka ishirini na nne. Na hapa nilipo, kila usiku, najaribu kukumbuka. Ile kulia niliyoiona.

Ilikuwa kulia kwake, au kulia kwangu?

Ungeniambia jambo ni rahisi, mwambie avue tujue. Tangu nimtoe majini Brigita analala na soksi. Anasema ni baridi. Na Karatu ni baridi kweli, hata ukimuuliza mgeni. Kuoga anaoga mlango umefungwa. Mguso wake ni uleule, mboga ni ileile, Inosenti akipiga simu wanaongea mpaka chaji inaisha.

Jumapili iliyopita redio ilipiga muziki wa zamani. Akanishika mikono pale jikoni, tukacheza. Mimi, na tumbo langu. Sikumkanyaga hata mara moja. Alinizungusha kama anayejua mguu wangu utakwenda wapi kabla mimi sijajua, akarudisha kichwa nyuma, akacheka kile kicheko.

Nilikuwa na furaha, usinielewe vibaya.

Lakini jioni nikipita ile barabara ya msituni, napunguza mwendo. Nashusha kioo. Nasikiliza kama kuna mtu kule majini bado anaita, "Nipo."

Halafu napandisha kioo, narudi nyumbani kwa mke wangu.